Kardani ya Bweyeye

Cassien alizaliwa Bukavu, upande wa Kongo, akalelewa mtaa wa Kadutu ndani ya moshi wa gereji ya baba yake mdogo. Aliporudi Rwanda na ndugu zake mwaka wa tisini na nne hakuwa na shamba wala kilima cha kuita chake. Alikuwa na sanduku la spana na sikio moja. La kushoto lilikufa kwa homa ya utotoni. Ndiyo sababu gari aliisikiliza kwa nyayo. Anavua viatu, anakaa pembeni ya dereva, anaweka miguu mitupu juu ya bati la sakafu, na hapo hataki mtu aseme. Mjini Kamembe, alikopata kazi, walimcheka: fundi gani huyu, anakanyaga gari kama anakamua ndizi za pombe! Lakini magari yao waliendelea kumletea.

Mwaka wa tisini na nane aliitwa Bweyeye, kule njia inakoishia penye msitu wa Nyungwe. Vita vya Kongo vilikuwa vinaunguruma ng'ambo, na msituni walijificha waasi waliochoma magari na kuiba dawa. Zahanati ilikuwa na gari moja tu, ile ndefu inayovuta kwa magurudumu manne, nayo ilishikwa na mtetemo.

Alifika jioni. Asubuhi, kabla hajafungua sanduku lake, wanaume wanne walishuka mlima na machela ya ingobyi mabegani. Ndani alilala Benitha, siku ya pili ya uchungu.

"Mtoto amekaa vibaya," akasema Mukantwari, muuguzi wa pale. "Lazima apasuliwe, na hapa siwezi. Lazima hospitali ya Gihundwe."

Bariyeri ya askari, kule njia ya msituni inapokutana na lami, ilikuwa ikifungwa kila siku saa tisa alasiri. Asiyefika kabla alirudishwa. Sasa ilikuwa saa nne.

"Saa sita tuwe tumetoka, Papa Cassien," akasema muuguzi.

Dereva, Dominique, alikuwa kijana wa maneno mengi. "Siku nane sasa, Papa. Ikifika thelathini inanitikisa mpaka meno. Nikisalimia bantu njiani, banafikiri niko naimba."

"Funga mudomo, Domi. Miguu yangu iko nasikia."

Wakaitoa barabarani kuijaribu. Kwenye kilometa thelathini ikaja: du-du-du-du, chini ya kiti, kwa nyuma. Usukani ulikuwa umetulia.

"Toa gia. Acha itembee yenyewe."

Gari ikateremka bila gia, na du-du ile ile ikaendelea. Basi si injini. Wakairudisha, wakainua gurudumu moja moja kwa jeki, wakatikisa, yote imara. Akafungua kardani ya mbele, kile chuma kirefu kinachopeleka nguvu kwenye magurudumu, akailaza kwenye nyasi, wakajaribu tena. Du-du-du. Ikabaki kardani ya nyuma tu. Saa tano na robo.

Akaingia uvunguni. Kila kitu kilikuwa na tope la miaka, limekauka kama chungu. Lakini nati za kardani ya nyuma ziling'aa, na pale katikati, vipande vyake viwili vinapoingiana kwa meno, grisi ilikuwa mbichi.

"Domi, nani alifungua hii?"

"Hakuna muntu."

"Hizi nati zinasema iko muntu."

"Basi uziulize zenyewe."

Ndani ya zahanati Benitha alilia, sauti ndefu. Cassien akatoka uvunguni, akafuta grisi mikononi. Siku zile ukisema gari imeharibiwa makusudi, mtu anaweza kupotea kwa neno lako. Lakini ukinyamaza, na kweli kuna mkono mbaya, unampeleka mama wa watu akafie msituni. Akamfuata Mukantwari mlangoni.

"Maman, sitaingiza mugonjwa ndani ya gari yenye kufunguliwa na muntu nisiyemujua."

Mukantwari akamwita Dominique ndani, akafunga mlango.

"Mwambie."

"Maman, ulisema nisiseme hata kwa Padri!"

"Najua nilichosema. Sema."

Kumbe kila jioni Dominique aliifungua kardani ile, akaichomoa vipande viwili: kimoja darini juu ya jiko, kingine kabatini kwenye mashuka ya akina mama wanaojifungua. Waasi wakija, wakute gari isiyokwenda. Aliyejua angeweza kupigwa mpaka aseme, kwa hiyo walijua wawili tu. Asubuhi anairudisha.

"Na alama? Hukuweka alama ya kuunganisha?"

"Niliweka, Papa. Rangi nyeupe. Lakini..." Akamtazama muuguzi.

"Ilikuwa inachafua mashuka," akasema Mukantwari polepole. "Nikamwambia aisugue na petroli."

"Nikaisugua. Njo mwanzo wa siku nane hizi."

Cassien hakuwa na nafasi ya kucheka. Kila mwisho wa kardani kuna panda ya chuma, kama ya manati, na panda hizo mbili lazima zilale sawasawa. Ukikosea meno machache, moja inavuta wakati nyingine inasukuma. Akaichomoa, akazilinganisha kwa jicho na kwa kamba, akapiga alama kwa patasi, akafunga.

Du-du ikaondoka. Lakini gari ilipoanza kwenda, chini ya kidole chake kikubwa kukawa na tik. Msalaba wa nyuma, kile chuma kidogo kinachoshika panda, umepigwa siku nane na sasa umeliwa. Mwingine hakuna karibu kuliko Kamembe.

"Itatufikisha?" akauliza Mukantwari.

"Nikisema ndiyo, ninadanganya."

Akaiangalia kardani ya mbele kwenye nyasi. "Domi, lete spana. Turudishe ya mbele, yavute magurudumu yote mane. Ya nyuma ibebe nusu tu ya muzigo."

Saa sita na dakika ishirini wakaondoka, Benitha nyuma na Mukantwari, Cassien mbele, miguu mitupu. Tik. Kila mlima, tik-tik. Ndani kabisa ya msitu wakafikia lori lililoungua, bado lanuka, na mguu wa Dominique ukazama kwenye kanyagio la mafuta.

"Toa muguu!"

"Papa, hapa njo banauaga bantu!"

"Ikikatikia hapa, tutalala nao. Toa muguu, mutoto wangu. Polepole."

Wakapita lile lori kwa mwendo wa mtu anayetembea, Dominique akilia machozi wazi wazi, mikono imenyooka kwenye usukani. Cassien hakutazama miti. Alitazama vidole vyake. Tik imekuwa tak. Benitha hakulia tena, na hilo lilikuwa baya zaidi.

Bariyeri waliipita saa tisa kasoro dakika tano. Gihundwe waliingia jua limelala, kardani inagonga kama nyundo, wauguzi wakamchukua Benitha mbio.

Cassien akabaki amekaa.

"Papa, shuka."

"Ngoja. Iko natetemeka bado."

"Nimezima zamani, Papa. Ni miguu yako."

Usiku Mukantwari akatoka, gauni lake limelowa mpaka magotini, akashika ukuta.

"Benitha yuko hai," akasema. "Mtoto alichelewa kulia. Lakini amelia."

Dominique akakaa chini palepale, kwenye changarawe.