Masika ya Msabah, bustani ya Bi Maha

Saa mbili asubuhi, Vuga, Mji Mkongwe. Mvua inanyesha bila haraka, kama mgeni aliyekwisha kuvua viatu. Uani kwa Bi Maha Zahran, Msabah Pandu amekunja suruali hadi magotini na kuchutama mbele ya tuta la mrehani. Anatia vidole viwili udongoni, anavitoa, anavinusa.

"Unapumua," anasema taratibu, kama anayezungumza karibu na mgonjwa aliyelala.

Kuta ndefu za ua zimegeuka kijani. Mwanga wa leo ni wa rangi ya maziwa, hauna vivuli, na mtu akisimama kidogo hajui tena kama bado ni asubuhi au alasiri imeshaingia. Ni siku ya arubaini na sita tangu masika yaanze. Msabah anasema aliacha kuzitenganisha siku hizo zamani. Zimeungana, zimekuwa siku moja ndefu yenye maji.

Msabah, mwenye umri wa miaka 48, ni fundi wa bustani. Anaishi Kizimbani na mkewe, Bashira, na watoto wao wanne. Kwa miaka ishirini na mbili amekuwa akipanda na kupogoa bustani za nyumba za mjini na za nyumba za wageni za pwani. Kazi yake yote iko nje, hivyo mvua ikikaa, naye hukaa. Ukoka uliolowa haukatiki vizuri, na udongo wa masika ukikanyagwa sana huwa tope tupu. Mwezi wa kiangazi humpatia hadi shilingi laki nne. Mwezi uliopita hakufikisha laki moja na nusu.

"Wenzangu wengi hutafuta vibarua vya ndani, kupaka rangi," anasema. "Mie nlikuwa na ahadi. Hiyo ndiyo iliyonileta hapa kila siku."

Ahadi yenyewe ilianza mwezi wa pili. Bi Maha, mjane wa miaka 71 aliyezaliwa katika nyumba hiyo hiyo, alirudi kutoka hospitali na habari kwamba macho yake hayatapona. Alikisiwa mwaka mmoja wa kuona, pengine usitimie. Watoto wake walitaka ahamie kwao, akakataa. Badala yake alimwita Msabah, akamweleza kwamba anataka ua upandwe kwa harufu, ili macho yakizimika aweze kutembea humo peke yake: asumini mlangoni mwa jiko, mkilua chini ya ngazi, mrehani katikati, na waridi kando ya jiwe analokalia akivuta uradi kwa tasbihi. Alitaka pia aione bustani hiyo macho yake yangali yanaona, ajue kila harufu inatoka wapi.

Msabah alipanda mwishoni mwa mwezi wa tatu. Siku ya nne mvua ikashuka.

Ua umezungukwa na kuta pande zote. Maji yaliingia, yasipate pa kutokea. Kufika wiki ya tatu yalikuwa yanamfika kwenye vifundo vya miguu. Waridi zikainama. Kati ya miche kumi na moja ya asumini, saba ilikufa; alipoishika ilitoka bila kubisha, mizizi imeoza. Aliagiza mchanga Chwaka, akainua matuta, na maji nayo yakapanda. Aliyateka kwa ndoo tangu asubuhi hadi adhuhuri, na mvua moja ya alasiri ikayarudisha yote.

Hakuwa na moyo wa kusema. Bi Maha alikuwa akishinda juu roshanini, na kutoka huko macho yake hayakuwa yakifika tena chini. Asubuhi moja Msabah alipita sokoni Darajani, akanunua asumini zilizotungwa, akazichomoa kwenye uzi na kuzitawanya pale miche ilipofia. Bi Maha aliposhuka, fundi alimwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba. Kisha bibi huyo alisimama mlangoni mwa jiko, akavuta pumzi.

"Hizi zimechumwa jana, Msabah," alimwambia. "Asumini ya mtini hainuki uzi."

Msabah anasema hajapata kuona haya kama siku hiyo. Alimweleza yote, ngapi zimekufa na ngapi ziko njiani kufa, akijua atafukuzwa. Lakini Bi Maha hakuuliza habari za maua. Aliuliza habari za maji. Akasema kwamba mvua inapotulia usiku, akiwa roshanini, husikia maji yakidondoka chini ya ngazi, na si juu ya ardhi, bali ndani yake. Alidhani ni masikio nayo yanamuaga.

Walikaa ngazini wote wawili, wakisikiliza.

"Nlifumba macho," anasimulia Msabah. "Mwanzo nlisikia mvua tu. Halafu mvua ikawa kama inasogea mbali, na chini yake pakawa na sauti nyengine, ndogo, kama mtu anakunywa."

Alichimba papo hapo. Kiasi cha mkono mmoja chini aligonga bamba la jiwe, na chini ya bamba akakuta mfereji wa mawe na chokaa, wa tangu nyumba ilipojengwa, umezibwa na tope na mizizi ya mti uliokatwa miaka mingi nyuma. Kwa siku tatu alilala kifudifudi mvuani akitoa tope kwa mikono. Alasiri ya siku ya tatu kitu kiliachia huko ndani. Maji ya ua mzima yakaanza kuzunguka polepole, yakibeba majani na petali za waridi, yakaondoka.

Bi Maha aliyasikia akiwa roshanini. Alishuka, akavua viatu, akatembea kwenye tope kwa miguu mitupu.

"Alikuwa anacheka peke yake, kwa sauti ya chini," anasema Msabah. "Nami nna tope mpaka ndevuni."

Mvua bado inanyesha, lakini maji hayalali tena uani. Asumini nne zimesimama na mkilua umetoa maua. Bi Maha sasa anaona mwanga na vivuli tu. Kila asubuhi hutoka ngazini hadi jikoni bila kushika ukuta, huku Msabah akisimama mbali, kimya, sauti yake isije ikamwongoza.

Majirani wawili wameshamwomba awatafutie mifereji ya nyua zao. Msabah anatumaini hiyo ndiyo itakuwa kazi yake ya masika, na kwamba kabla ya vuli atakuwa ameanzisha kitalu nyuma ya nyumba yake Kizimbani, cha miche inayostahimili maji.

Mche wa kwanza umeshaagizwa. Bi Maha anataka mlangilangi, mti wa maua ya harufu, kwenye pembe ya ua.

"Nlimwambia kweli, mlangilangi unataka miaka miwili, mitatu, ndipo utoe ua," anasema Msabah. "Akanambia, 'Weye chimba shimo. Kusubiri niachie mie.'"