Viganja Vilivyotangulia Fimbo

Mwaka ule watu wenye asili ya Kasai walipofukuzwa mjini kwetu Kolwezi, nilimpeleka mwanangu shuleni tukachelewa. Mwalimu alisimama mlangoni na fimbo. Desturi ilikuwa viboko viwili viganjani, ndipo mtoto aingie.

Mbele ya mstari wa waliochelewa alikuwa msichana wa Kasai ambaye wazazi wake walitolewa nyumbani na sasa walilala kituoni, wakingoja treni. Alinyoosha mikono kabla ya kuambiwa.

"Unatoka wapi?" mwalimu akauliza.

"Ku gare, mwalimu. Treni itakuya kesho ao kesho kutwa."

"Na unakuya kusoma nini tena, mama?"

"Leo kuko diktee," akajibu, yaani imla.

Mwalimu akavitazama vile viganja. Akavikunja taratibu, kidole kwa kidole, akasema, "Ingia."

Mwenzake wa nyuma, ambaye kwao ni nyuma tu ya shule, akasema, "Hata mi nalala ku gare, mwalimu."

"Muongo weye. Ingia."

Wakaingia wote bila kuchapwa, hata wangu. Sisi wazazi husema bila fimbo masomo hayaendi. Asubuhi ile diktee ilianza mapema kuliko siku zote, maana kuchapa watoto nako huchukua muda.