Bila Swalehe Mkeka Hautandikwi

Yunusi alimfukuza kaka yangu kwenye jando la mwanangu, mbele za watu, kama anafukuza kuku kwenye ufuta. Mpaka leo nikilitaja jina lake natema mate kwanza.

Kwetu Ruangwa mtoto anapelekwa jando na mjomba. Baba hata awe nani, mjomba ndiye mwenye mtoto. Na Amri wangu mjomba alikuwa naye mmoja tu, Swalehe, tuliyetoka naye tumbo moja. Swalehe alikuwa Nachingwea, kwenye mashamba ya karanga ya Wazungu, dobi. Anakaa na Saturnini, Mmakonde, dereva wa trekta. Chumba kimoja, kitanda kimoja. Nilikwenda, nikaona. Sikupenda, sisemi uongo. Lakini majirani zao walicheka kidogo tu, halafu wanaleta nguo zao zifuliwe. Nachingwea ile kila mtu mgeni, nani amchunge nani?

Ruangwa siyo hivyo. Huku ukikohoa, kijiji cha pili Likunja wanakupa pole. Siku ya jando Swalehe kaja, kanzu nyeupe, kamshika Amri mkono. Mkubwa wa jando mwaka ule ni Yunusi. Akasimama njiani.

"Hanithi hapeleki mtoto hapa."

"Mimi mjomba wake."

"Mjomba ni mwanaume. Wewe nenda kwa mumeo."

Watu wakaangua kicheko. Akamvuta mtoto, akamkabidhi mtu baki. Swalehe akarudi Nachingwea kwa miguu, na Ruangwa hakukanyaga tena.

Nikanyamaza. Kunyamaza siyo kusamehe.

Karanga zikawashinda Wazungu, wengi wakaondoka. Swalehe na Saturnini wakabaki palepale. Amri akakua, akampa mimba Sikuzani. Na Sikuzani mpwa wa nani? Wa Yunusi! Akaja kwangu asubuhi, sauti laini kama uji wa mgonjwa.

"Mama Amri, tumalize haraka. Tumbo halingoji."

"Tumalize. Mjomba wa mwanangu yuko Nachingwea, kamwite. Nenda mwenyewe, usitume mtu."

"Wazee wengine wa ukoo wenu si wapo?"

"Ndoa wanakaa wajomba, unajua wewe kuliko mimi. Bila Swalehe mkeka hautandikwi hapa."

"Mtoto azaliwe hana baba?"

"Azaliwe. Akiuliza, tutamwonyesha nyumba yako."

Amri alinililia, "Mama, unaniharibia." Nikamwambia akae kimya, atajua siku nyingine alivyoshikwa mkono na mjomba wake, Yunusi akamnyang'anya.

Yunusi akaenda. Lori likawaleta, uwanja wangu umejaa watu. Akashuka Swalehe. Nyuma yake akashuka Saturnini.

Yunusi akasema, "Mimi nilimwita mmoja."

"Tumekuja wawili," Swalehe akajibu. "Au turudi? Lori hili hapa, bado linaunguruma."

Hakuna aliyecheka. Mama yake Sikuzani akajifunika uso na khanga. Mimi mwenyewe niliogopa, maana Swalehe namjua, akisema anarudi, anarudi kweli, na mjukuu wangu angebaki njiani.

"Kaeni," Yunusi akasema.

Saturnini akavua viatu. Swalehe akabaki wima.

"Nakaa kama nani?"

Yunusi jasho linamtiririka mpaka kwenye ndevu. Akamtazama dada yake, akatazama chini.

"Kama mjomba wa Amri."

"Paza sauti, mzee," nikamwambia. "Wa kule nyuma hawajasikia."

Akarudia.