Supu ya Malenge Isiyo na Nyama

Jumamosi jioni, kwenye kibanda cha mama mboga hapa Huruma, mwanamume mmoja mwenye ovaroli ya kiwandani alikuwa akichagua malenge. Aligonga moja kwa kidole, akasikiliza, kisha akaongeza karoti, vitunguu na dhania.

"Na nyama je?" mama mboga akamuuliza.

"Ni supu isiyo na nyama. Nachemsha mpaka ilainike, naiponda na mwiko, dhania naweka mwisho. Bibi yangu anaipenda hivyo."

Alipoondoka, wanawake wawili waliokuwa wakingoja sukuma wiki walitazamana.

"Huyo amekaliwa chapati, mkewe ndiye anayemwamuru," mmoja akasema, akibinua mdomo.

"Afadhali yeye," mwenzake akajibu. "Wangu hata stovu hajui kuwasha."

Yule wa kwanza akamgeukia mama mboga. "Mama, hebu nichagulie malenge kama ya huyo."

Mimi niliyekuwa nyuma yao kwenye foleni nilifika nyumbani nikicheka, nikamsimulia mke wangu kisa chote. Hakucheka. Aliweka kisu chini, akaniuliza, "Anakaa ploti gani?"

Nikamdanganya kwamba simjui. Amehamia juzi tu, orofa iliyo juu yetu, na harufu ya dhania ikianza kushuka kwenye ngazi, mimi ndiye ninayekimbilia kufunga mlango.