Msichana Aliyekwama Mlangoni

Msichana wa kitabu changu alikwama mlangoni ukurasa wa themanini na tatu, na mimi nikakwama naye kuanzia mvua za Aprili mpaka shule zilipofungwa Agosti. Ni kitabu cha watoto. Huku kwetu mtoto akizaliwa, akina mama wa ukoo humzunguka wakimtajia majina ya waliokufa, moja baada ya lingine, na ugoro kidogo karibu na pua. Jina analoitikia kwa chafya ndilo lake, maana yule marehemu amerudi kwake. Msichana wangu hakupiga chafya. Walitaja wote, wapi. Basi akiwa na miaka kumi anashuka chini ya mizizi ya chai kwenda kuwauliza wafu wenyewe kwa nini hakuna aliyemtaka. Kila niliyemsimulia aliniambia wazo ni zuri.

Alifika mlangoni, akabisha, na sikujua nani amfungulie.

Nikajaza kurasa tu. Niliueleza ule mlango hadi fundi angeweza kuutengeneza bila kuniuliza vipimo. Nikaleta mbuzi anayeongea. Mbuzi akaongea kurasa sita, upuzi mtupu, nikamfuta. Nilikuwa nikitoka shuleni ninakofundisha, natia chai kwenye kikombe, nakaa mezani na daftari, chai inapoa. Binti yangu wa gredi ya nne alikuwa akipita, viatu mkononi, ananiuliza, "Mama, amefunguliwa?"

"Bado."

"Lakini anasikia baridi huko nje."

"Najua," nilimwambia. Sikujua. Sikuwa nikisikia baridi yake wala yangu.

Wacha niseme tu. Mwaka uliotangulia nilijifungua mtoto wa pili, msichana, kwa upasuaji, na akaishi siku kumi na tisa. Mama mkwe alitaka aitiwe majina mara tu tulipotoka hospitalini. Nikakataa. Nilisema ugoro hautakaribia pua ya mtoto wangu, wangoje kwanza kifua chake kipate nguvu. Nilisema kwa sauti yangu ya darasani, mbele ya akina mama waliokuwa wamekuja na mursik, maziwa yetu ya kugandishwa, kwenye vibuyu. Wakarudi makwao. Tukangoja, na mtoto akaenda. Kwenye karatasi za hospitali ameandikwa kuwa ni mtoto wa, halafu jina langu. Watu walidhani nitalia mpaka niugue, lakini sikulia. Nilirudi kazini, nikasahihisha madaftari, nikaanza kitabu. Ilikuwa ganzi, kama taya baada ya sindano ya meno. Unajigusa, unajua ni lako, na hulisikii.

Nilitaka angalau yule wa kitabu apate jina. Hilo tu, na lilikuwa linanishinda.

Agosti nikamfuata mama mkwe kuchuma chai. Yeye huchuma kwa mikono miwili bila kutazama. Mimi natazama, na bado nachuma majani magumu, naye huyatoa kwenye kikapu changu akiyatupa. Nikamwambia nataka majina ya akina nyanya wa zamani wa ukoo. Ya kitabu, nikasema.

Akanitajia. Mmoja alizaa mapacha mara mbili. Mwingine alikuwa mkali hadi chifu alimkwepa njiani. Nikawa naandika kwenye simu kwa vidole vyeusi vya utomvu. Halafu akataja mmoja, akasema, "Huyu usimtie."

"Kwa nini, Mama?"

"Huyo ana mtu tayari."

Nikamuuliza mtu gani, maana jina la binti yangu ni lingine. Hakuacha kuchuma.

"Mwalimu, siku ile ya upasuaji ulilala mpaka jioni. Mtoto nilikuwa naye mimi, kwenye benchi. Nikamtajia majina polepole, nesi asinisikie. Bila ugoro. Hilo lilikuwa la nne. Alipiga chafya mara mbili."

Nilishikwa na hasira, na nilikuwa nimesahau hasira inavyokuwa. Nikamuuliza kwa nini ameninyamazia mwaka mzima.

"Nilitaka tumwite tena nyumbani, mbele ya watu, ukakataa. Halafu akaenda, na wewe hukuuliza kitu. Hata kulia hukulia." Alitupa jani gumu. "Nilikuogopa, Mwalimu."

Simu nikairudisha mfukoni bila kuandika. Nikalitaja lile jina. Mara ya kwanza lilitoka vibaya. Nikalitaja tena, nikaketi chini kati ya mistari ya chai, nikalia kwa sauti, majirani wa ng'ambo ya ua wakisikia. Mama mkwe akachuma mstari wake, kisha akarudi akachuma na wangu, ili lori la chai lisituache.