Ndege Kubwa Kumi na Sita

Mume wangu alikuwa askari polisi, mtu wa Teso, na tulipooana miaka ya sitini alikuwa kambini Kasese. Mimi Mkonzo wa Kyarumba. Tuliongea Kiswahili cha kambi kwa sababu hakuna aliyejua lugha ya mwenzake.

Mzungu mmoja wa mgodini, alipokuwa anarudi kwao, alimwachia darubini na kitabu chenye picha za ndege. Jumapili zetu zikabadilika. Baada ya misa tulipanda lori la chumvi mpaka Kabatoro, tukakaa kwenye mteremko wa majani juu ya ziwa la chumvi. Alinishikia darubini machoni kwa mikono yake mwenyewe. Mara ya kwanza nilipowaona heroe, wale ndege wa miguu mirefu, maelfu yao, rangi yao kama ndani ya pera, nilidhani maji yamechanua. Nilicheka mpaka machozi, naye akaona fahari kana kwamba aliwafuga yeye.

Kila alichokiona alikiandika kwenye daftari. Ndege asiyemjua aliwauliza wachimba chumvi: "Hii kwenu inaitwa aje?" Wakimtajia, aliandika vilevile alivyosikia.

Kisha wanajeshi wakashika nchi. Jumapili moja Landrova ilisimama nyuma yetu, wakashuka watatu.

"Wewe iko nachungulia nini?" mkubwa wao aliuliza.

"Ndege, afande. Mimi ni polisi, leo niko ofu."

Afande akachukua daftari, akasoma kwa sauti: "Ndege kubwa kumi na sita. Imetoka Kongo. Imetua upande ya mashariki." Akainua uso. "Hii habari unapelekea nani?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Kiswahili chetu hakikutofautisha ndege wa manyoya na ndege ya chuma.

"Ni mwari, afande," nikasema. "Ile ya mdomo kama mfuko. Angalia pale, kwa maji."

Akaangalia kwa darubini, tena kwa muda mrefu. Nikaona mabega yake yamelegea, nikadhani yamekwisha. Lakini aliivaa darubini shingoni mwake, akakwapa daftari na kitabu, akamwambia mume wangu, "Panda gari."

Siku tano nilipeleka chakula kwenye lango la kambi yao. Mlinzi alikipokea bila kuniambia kama mwenyewe yu hai. Siku ya sita mume wangu alirudi kwa miguu, hana viatu. Mkubwa wake wa polisi alikuwa amekwenda kumwombea.

"Walinipiga kidogo," alisema. Nikamtengea maji ya moto ya miguu.

Baadaye akahamishiwa Bwera, mpakani. Kwa karibu mwaka mzima alitembea macho chini. Asubuhi moja nilikuwa naosha maharage, yeye ananyoa ndevu. Wembe ukasimama shavuni.

"Unasikia? Ile ndege ya mabawa nyekundu."

"Iko juu, upande wa Kyondo," nikamjibu.

Jumapili iliyofuata tulipanda huko bila darubini wala kitabu. Tulimwona mara moja tu, akivuka bonde juu ya mibuni ya watu. Tukakaa mpaka jua likawa kali, kisha tukateremka polepole, yeye akinisimulia ndege wa kwao Teso, ambao mpaka leo sijawaona.