Fasi Jembe Ilikatazwa

Siku nilianza kazi ya kantonye, mutunzaji wa njia, huko Kabambare, kapita, musimamizi wetu, alinipa jembe na beleshi, kisha akanionyesha maji ya mvua yenye ilikuwa inashuka mu njia. "Unaona ile?" akaniuliza. "Ile ndiyo mukubwa wako. Mie ni kapita tu." Nilicheka. Nilikuwa kijana, sikujua kama anasema kweli.

Ninyi watoto wa leo munafikiri kantonye ni mutu wa kufyeka majani. Hata kidogo! Kazi ya kantonye ni kufukuza maji. Ukiacha maji itembee mu njia musimu mumoja, musimu wenye kufuata hauna tena njia, uko na mutaro. Kwa hiyo tulichimba rigoli, ule mufereji mudogo wa pembeni, na fasi ya kupanda tulilaza muti wa nguvu upandeupande, juu maji ipige pale na itoke inje. Kisha tunapigilia udongo na dama, gogo nzito yenye mikono mbili. Ukirudi nyumbani, mugongo hautaki hata salamu.

Walinituma Wamaza, kisha wakanirudisha Kabambare. Wakati ule Leta, ile serikali ya Wabelgiji, ilikuwa imefungua barabara ya motokari huko chini, na njia ya zamani ya mulima ikaachwa. Lakini ngambo ya mulima watu walikuwa wangali wanaishi, na dada yangu mudogo, Zaina, aliolewa kule. Mimba yake ya kwanza ilimufia mu tumbo. Sasa alikuwa na ingine, na infirmye, muganga wa dispanseri ya Kabambare, alisema waziwazi: huyu mama asizalie nyumbani, wamulete kwangu. Wamulete na njia gani? Mvua ilikuwa imekula mulima mpaka mutu alipanda na mikono.

Nilienda kwa Bwana Ajenti, Mubelgiji mwenye alisimamia barabara za Leta. Akavuta kiko yake. "Ile njia haiko tena yangu," akasema. "Kama watu wanaitaka, wajitolee siku ya Mungu. Majembe nitakuazima."

Na wakajitolea kweli, wee! Watu wa chini, ukoo wangu, wakaanzia ku mutoni. Watu wa juu, ukoo wa shemeji, wakaanzia ku muji wao. Wakristo wanatoka misa, Waislamu wanafika na birika zao, wamama wanaleta ugali ya muhogo na sombe, mboga ya majani yake. Nilipita katikati yao nikiwaonyesha rigoli, na nilikuwa na furaha sana. Nilijisemea: Zaina atapita.

Kisha pande zote mbili zikafika ku Shingo, na zote zikasimama.

Shingo ni ile fasi nyembamba juu kabisa, kati ya inchi ya ukoo wetu na inchi ya ukoo wao. Kwetu, mutu akipiga jembe mu udongo na hakuna mwenye kumukataza, kesho watoto wake watasema ni udongo yao. Kwa hiyo toka zamani hakuna mutu alilima Shingo, wala kuchimba hata shimo ya nguzo. Na kipande yenyewe ilikuwa fupi! Unatupa jiwe, inafika. Lakini pale ndipo maji ilikuwa imekata njia kabisa.

Nikawaambia wazee: "Hii jembe ni ya Leta. Haina ukoo."

Muzee Saidi, mukubwa wa watu wa juu, akanitazama bila hasira. "Mwanangu, jembe haina ukoo. Mukono yenye inaishika iko nao."

"Lakini Zaina, muzee!"

Muzee Kalonda, mukubwa wetu sisi, akanikata. "Wale wakipiga jembe ya kwanza, tutawaambia nini wajukuu? Haraka haraka haina baraka. Tungoje chefu aje kukata maneno."

Chefu, mutawala wa koo zote mbili, alikuwa ameitwa na Leta huko Kasongo, na siku ya kurudi haikujulikana. Nililia siku ile, na sina haya ya kuisema.

Mvua haikungoja chefu. Asubuhi moja mutu alikuja mbio kuniita: Zaina anatoka damu, wako naye mu njia. Shemeji na ndugu zake walimubeba mu machela, ile kitanda ya miti mbili. Mu kipande yenye watu walitengeneza, walikimbia. Ku Shingo machela haikupita. Wakamushusha, wakamupitisha mikono kwa mikono mu matope; anateleza, wanamurudisha, anateleza tena. Mie nilisimama upande wa chini, nimenyoosha mikono. Nilimusikia: "Kaka, nivute." Wakati nilimupata, vidole vyake vilikuwa vya baridi. Alifia pale, na mutoto ndani.

Kesho ya mazishi, hakuna mutu aliita mutu. Walipanda Shingo, wa juu na wa chini, muzee Saidi na muzee Kalonda mbele. Wazee wawili wakasimama bega kwa bega, wakapiga majembe pamoja, mara moja, kisha wote wakaingia. Hakuna mwenye alisema neno ya inchi. Bwana Ajenti alikuja kuangalia, akasifu: "Watu wazuri, wenye kujitolea!" Nikamurudishia majembe yake.

Nilifanya kazi miaka mingi tena, huko Kasongo, huko Nyangwe, chini ya makapita wa kila namna, mpaka nguvu ikaniishia wakanipumuzisha. Vijana wananiuliza: "Baba, kazi gani ilikuwa nguvu kupita zote?" Ninawajibu: ile ya Shingo. Wanauliza ilitushika siku ngapi. Ninawaambia, tulianza asubuhi, na mbele ya jua kufika katikati tulikuwa tumemaliza.